Usiiwashe Tena

Nimefunga kibanda. Vijana wa pale Laini Saba, kando ya reli, wamekuwa wakiniuliza nitawaachia nini, na najua walichokuwa wakitazama ni bisibisi zangu. Bisibisi nimewapa. Sasa nawaachia na maneno. Najua hamtayasoma leo. Mtayatafuta siku mashine ya mteja itakapowafia mikononi na mwenyewe amesimama hapo, amefunga mdomo, anawaangalia.

Katika miaka yangu ya kutengeneza kompyuta nimefanya kazi karibu na wezi, walevi na jamaa mmoja aliyekuwa akimenya waya kwa meno huku stima ingali ndani. Wote hao niliwavumilia. Ambaye sijawahi kumvumilia ni fundi wa kufomati. Mteja anamletea kompyuta iliyokataa kuwaka. Fundi huyo haulizi ilizimikaje, hafungui hata mfuniko. Anakunja uso kama daktari aliyeona vipimo, kisha anasema, “Hii ni ya kufomati.” Yaani afute kila kitu kilichomo, aanze upya. Ni sawa na mtu akuite kwake kwa kuwa mlango umekwama, nawe uichome nyumba ili uingie.

Mimi nilifundishwa kazi na Mzee Kilonzo, aliyekuwa fundi wa redio kabla ofisi za mjini hazijaanza kutupa kompyuta. Nilitoka Kitui kuja Nairobi nikijua kushona, na cherehani niliyoahidiwa nikaikuta imeuzwa. Mzee Kilonzo alikuwa mtu wa kwetu, akanionea huruma. Siku ya kwanza alinipa kazi moja tu: kunyamaza.

“Washa hiyo, mwiitu,” akaniambia, akiniita binti kwa lugha yetu. “Sasa usiguse. Niambie unasikia nini.”

Nikamwambia nasikia feni.

“Na nini?”

“Inalia, kama kifaranga.”

“Basi imeshakwambia inaumwa wapi. Sasa wewe ndiye unataka kuongea juu yake.”

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Feni isipozunguka kabisa, anza na stima: soketi, waya, halafu lile sanduku la kugawa umeme. Msicheke. Nimewahi kuletewa kompyuta kwa mkokoteni kutoka Silanga, mwenyewe analia kama aliyefiwa, kumbe waya wake uling'atwa na panya. Feni ikizunguka, mashine ikalia na skrini ikabaki giza, chomoa kadi za memori, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, rudisha. Mashine nyingi mlizozitangaza marehemu zilikuwa zinahitaji raba tu. Lakini ikiwaka, ikaonyesha jina la kiwanda kisha ikagoma hapo, toeni mikono. Hapo ndipo mafaili ya watu yanapopotelea. Toa diski, iunganishe kwenye mashine nzima ikae kama mgeni, nakili mali ya mteja yote, ndipo urudi kupigana na hiyo mbovu.

“Toa mali ya watu nje kwanza,” Mzee Kilonzo alizoea kusema. “Halafu mgombane na nyumba.”

Mashine yake ya kunakilia ilikuwa uchi, haina mfuniko, imekaa juu ya kreti la soda. Tuliiita Hosipitali. Hakuna aliyeruhusiwa kuchezea nyimbo humo. Vifaa vyake vingine vilikuwa mswaki laini, spiriti, raba, na bisibisi yenye mpini uliofungwa kwa utepe. Alipozeeka alirudi Kitui kufuga mbuzi, ambao alisema wanasikiliza kuliko wanafunzi wake. Kibanda akaniachia mimi.

Kisha akaja Deno. Alikuwa mwanaume mzima mwenye ndevu, si mtoto wa kusamehewa. Alifungua kibanda mkabala na changu na kutundika bango lenye maandishi mekundu: DAKTARI WA LAPTOP, SIMU NA CHOCHOTE. Kwa hilo la chochote alisema kweli, maana alikuwa tayari kuharibu chochote. Kompyuta ikimwagikiwa chai, aliizika kwenye mchele. Mchele ni wa pilau. Haujawahi kukausha kitu isipokuwa mfuko wa mwenye kuununua. Ikigoma kuwaka, alifomati. Wateja walirudi wakifurahi kwamba imewaka, na wiki iliyofuata ndipo walipogundua kwamba picha za mazishi ya baba hazipo. Walikuja kwangu kulia. Niliwaambia waende wakalie kule kule walikokwenda kucheka.

Ndipo Mashimoni, mtaa wa jirani, ikaungua.

Safu nzima ya nyumba za mabati ilikwenda mchana kweupe. Watu walitoka wote, tunamshukuru Mungu, lakini walitoka na nguo za mwilini. Wengine walijipanga kuanzia kibanda cha maji wakapitishiana ndoo na mitungi, wakamwaga mpaka moto ukakoma. Mwisho wa safu hiyo palikuwa na studio ya picha ya mama mmoja, Njambi. Haikuungua. Ila maji yaliingia kila mahali, hata ndani ya kompyuta yake.

Njambi alikuwa amepiga picha Mashimoni nzima: ubatizo, mahari, watoto wa nasari waliovaa majoho, picha za kitambulisho. Kwa hiyo kilichofuata sikukitarajia. Watu ambao hawakuwa na sufuria, waliolala kanisani kwa blanketi za msaada, walianza kwenda kwa Njambi kumwuliza, “Ile picha ya mama yangu, si uko nayo?” Albamu zao ziliungua. Simu nyingi pia ziliungua. Njambi akawajibu wote kwamba ziko, akainua kompyuta yake, akaipeleka kwa fundi wa kwanza njiani.

Fundi wa kwanza njiani alikuwa Deno.

Alipokuja kwangu, Njambi alikuwa ameibeba kwa leso kama mtoto mgonjwa. Niliiinamisha, maji yakatiririka juu ya meza.

“Deno aliiwasha ikiwa hivi?” nikauliza.

“Aliiwasha. Ikatoa moshi.”

“Halafu?”

“Akazima. Halafu akaiwasha tena.”

“Ya nini?”

“Alisema anataka kuona kama itatoa moshi tena.”

Niliweka bisibisi chini. Kuna wakati mtu akishika chombo cha chuma huwa si salama kwa majirani.

“Ameniambia diski imekufa,” Njambi akaendelea. “Anataka kuniuzia ingine. Mama Ndinda, si ingine nataka. Kuna watu wamelala kanisani, niliwaambia picha ziko. Niliwaambia kwa mdomo wangu.”

Shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Mashine iliyolowa haiwashwi. Hata mwenyewe akikusihi, hata ukiwashwa na udadisi. Chomoa stima, toa betri kama ni ya kubeba, ifungue, ikauke kabisa. Maji peke yake hayana haraka. Ni stima ndani ya maji inayoua.

Niliitoa ile diski. Diski ya aina hiyo ni kopo la chuma lililofungwa, na picha zinakaa ndani kwenye sahani zinazozunguka. Kwa chini pana kibao cha kijani chenye vidude vya umeme vinavyoliendesha. Maji hayakuwa yameingia kwenye kopo. Kibao ndicho kilichoungua, alama nyeusi pale pale ambapo Deno alitaka kuona moshi. Sikulifungua lile kopo. Atakayefungua diski katika vumbi la Laini Saba ili atazame inavyozunguka, huyo akauze njugu, ndiko atakakofaa.

Nilimwambia Njambi ukweli. Picha huenda ziko salama, lakini tunahitaji kibao kingine, pacha wa hiki, chenye namba zile zile. Na hata tukikipata, kuna kidude kidogo kama punje ya mchele kwenye kibao kilichoungua, ndicho kinachoijua diski hii na si nyingine. Lazima kihamishwe bila kuungua. Kikiungua, basi.

“Basi nini?”

“Basi utawaendea kanisani uwaambie.”

Tulitafuta mjini kwenye maduka ya vyombo vikuukuu, tukakosa. Njambi, aliyezaliwa Kawangware, akakumbuka jirani wa kwao, Mzee Gathogo, mwenye ploti za kupangisha. Alikuwa na stoo iliyojaa kompyuta kuukuu alizonunua zamani kwa mnada. Tukaenda. Stoo ilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba za wapangaji, na kupitia wavu wa mlango wake tuliwaona kuku wamelala juu ya skrini.

“Hizo si za kuuza,” Mzee Gathogo akasema kabla hatujaketi. “Ni za chuo.”

“Chuo gani, Mzee?” nikauliza.

“Chuo ambacho nitafungua.”

Kuku mmoja, mwanafunzi wake wa baadaye, akatoka ndani ya kompyuta, akajikung'uta. Njambi akamweleza habari ya moto. Mzee akasikitika kwa heshima, akatukaribisha chai, na stoo ikabaki imefungwa. Nimewajua watu wa namna hiyo. Si kwamba kitu wanakihitaji. Wanaogopa tu kwamba siku wakikitoa ndipo kitakuwa na maana.

Sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma, nikaona kompyuta nyingine. Nikauliza hiyo inafanya nini.

“Hiyo ilikataa kuwaka. Nimeita mafundi, wakaja, wakaenda. Wote wanasema ifomatiwe. Nimewafukuza. Ndani mna maneno yote ya kesi ya shamba la baba yangu, na hakuna mtu atanifomatia shamba!”

Nilimpenda papo hapo. Ndiye mtu wa kwanza Nairobi niliyemwona akimfukuza fundi kwa sababu inayofaa.

“Nikubalie niisikilize,” nikasema.

“Isikilizwe tu. Isiguswe.”

Nikaiwasha. Feni ikazunguka, ikalia mara moja kwa furaha kama kawaida, kisha skrini ikaandika kwamba haioni mfumo wa kuanzia. Hapo ndipo wenzangu waliposhika tama na kutamka lile neno lao. Nilipeleka mkono nyuma ya mashine, mahali ambapo hakuna anayependa kupeleka mkono kwa sababu ya vumbi, nikapapasa. Palikuwa na flashi imechomekwa. Nyimbo za kwaya. Mashine ilikuwa inajaribu kuanza safari kutoka kwenye flashi, inakuta sauti za kwaya badala ya mfumo, inakata tamaa. Nikaichomoa, nikaiwasha upya, ikafunguka hadi mwisho, na kesi ya shamba ikajipanga hapo kwenye skrini.

Mzee Gathogo aliitazama, kisha akaitazama ile flashi mkononi mwangu.

“Yaani hao wote,” akasema polepole, “hakuna aliyeangalia nyuma?”

“Nyuma kuna vumbi, Mzee.”

Akainuka, akachukua funguo kutoka nyuma ya saa ya ukutani, akampa Njambi mkononi. “Chukueni mnachotaka. Kuku msiguse.”

Pacha tulimpata ndani ya mashine ambayo tetea alikuwa ametagia. Tulilinganisha namba za kibao mara nyingi mpaka Njambi akaniomba niache, anaogopa zitabadilika. Mzee Gathogo mwenyewe ndiye aliyemwinua yule tetea, na alimwomba radhi kwa Kikikuyu.

Kesho yake asubuhi nilisafisha meza. Kwanza nilipiga mswaki na spiriti kwenye miguso ya ile diski, pale kibao kinapokutana na kopo, kwa maana palikuwa na kutu changa ya maji. Kisha nikawasha chuma cha kuchomelea. Deno akavuka njia, akasimama mlangoni amekunja mikono.

“Mathe, hiyo haiwezi,” akasema. “Ningekuwa wewe ningemuuzia ingine.”

“Shika taa,” nikamwambia. “Na unyamaze.”

Sijui kwa nini alitii. Labda kwa sababu Njambi alikuwa akimtazama. Alishika taa. Njambi akatoka nje, akasema hawezi kuona. Nilikitoa kile kidude kwenye kibao kilichoungua. Ukizidisha joto kidogo, unapika kumbukumbu za mtaa mzima. Ukipunguza, kinang'ang'ania na miguu yake inavunjika. Nilisikia pumzi ya Deno ikikatika. Kikatoka. Nikakipandisha kwenye kibao kipya, mguu kwa mguu, nikafunga skrubu, nikaunganisha diski na Hosipitali. Nikawasha.

Ikazunguka. Kwa mlio tu nilijua sahani zimepanda mwendo wake. Deno akasema neno la mtaani ambalo sitaliandika.

“Njambi!” nikaita. “Njoo uniambie nianze na wapi.”

Kwa sababu diski ya namna hiyo haina ahadi. Iliwashwa ikiwa na maji, nayo ilikuwa inagota mahali fulani, kisha inaendelea. Inaweza kukuacha katikati. Unanakili kilicho muhimu kwanza, hufungui picha kuzitazama, huchagui nzuri na mbaya. Na mwenye mali ndiye anayejua kilicho muhimu, si fundi. Njambi hakufikiri hata kidogo. Aliacha harusi za watu wakubwa waliokuwa wakimlipa vizuri, akaanza na Mashimoni, na ndani ya Mashimoni akaanza na ile safu iliyoungua.

Zilitoka nyingi. Hazikutoka zote. Kuna mahali diski iligonga, ikagonga tena, kisha ikanyamaza, na nilipojaribu tena baada ya kuipumzisha haikuzunguka. Zilizobaki humo zimebaki humo mpaka leo.

“Ni zipi?” Deno akauliza. Sauti yake haikuwa na ndevu.

“Ni zile ambazo ulitaka kuona kama zitatoa moshi tena.”

Sikuishia hapo. Watu walipoanza kuja studio, Njambi akiwaonyesha picha zao kwenye skrini, nilimwambia Deno aketi pale kando yake. Ikiwa za mtu zimo kwenye zile zilizopotea, atakayemwambia ni yeye, si Njambi, na atamwambia akimtazama. Alikataa. Njambi akamwambia, “Nilikuletea kwa mikono yangu. Keti.” Akaketi.

Alitazamia kutukanwa, na matusi angeyaweza, maana ulimi anao. Mama mmoja aliyekuja kutafuta picha za watoto wake pacha walipobatizwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega, akasema, “Haidhuru, kijana wangu, umejaribu.” Deno akainama akafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara za patipati.

Tangu siku hiyo bango lake halina lile neno CHOCHOTE. Amelipaka rangi. Sisemi amekuwa fundi mzuri. Nasema sasa anauliza kabla ya kuwasha, jambo ambalo wengi wenu mnaosoma hapa bado hamjalifikia.

Mtu wa mwisho kuja alikuwa Musyoka, muuza makaa wa Silanga aliyekuwa akiishi kwenye ile safu. Alivua kofia mlangoni kama anayeingia kanisani. Mkewe, Kanini, alikuwa ameshafariki kabla ya moto. Musyoka alikuwa na simu ya kabambe isiyopiga picha, na picha moja tu ya mkewe, ya kitambulisho, nayo iliungua.

“Alikuja kwako kupigwa ile ya kitambulisho,” akamwambia Njambi.

Njambi akatafuta. Hakuiona. Picha za vitambulisho alikuwa na desturi ya kuzifuta kila baada ya muda ili apate nafasi.

“Hakupenda picha,” Musyoka akasema, kana kwamba anamtetea Njambi. “Ukiinua kamera anaficha uso na leso. Hata harusini kwetu alijificha nyuma yangu.” Akavaa kofia. “Haya. Asanteni.”

“Keti,” Njambi akasema.

Akaanza kupitia picha za watu wengine. Sherehe za watu wengine, watoto wa watu wengine, moja baada ya moja, na Musyoka ameegemea mbele na mikono yake yenye weusi wa makaa ameibana katikati ya magoti asije akagusa kitu. Chai ilipoa. Njambi aliendelea.

“Ngoja,” Musyoka akasema. “Rudi.”

Ilikuwa picha ya mtoto wa nasari aliyehitimu, amevaa joho kubwa kumzidi, amesimama wima mbele ya mabati. Nyuma yake, upande wa kulia, mwanamke alikuwa akipita na mtungi wa maji. Hakujua anapigwa picha. Alikuwa akicheka na mtu ambaye haonekani.

Musyoka alisogea akaweka uso karibu sana na skrini, kisha akarudi nyuma ili aone vizuri, kisha akasogea tena.

“Ndiye?” Njambi akauliza.

“Anaenda na maji,” Musyoka akasema. “Ni asubuhi. Anaenda na maji.”

Deno akainama naye akatazama. Nadhani alitaka kusaidia. “Naweza kata mtoto, nimtoe hapo,” akasema. “Halafu nimvute mathe akuwe mkubwa, nimsafishe uso. Ako blur kidogo.”

“Wacha,” Musyoka akasema.

“Ni rahisi, buda. Dakika tu.”

“Nimesema wacha. Ukimvuta atajua.”

Njambi akaichapisha kama ilivyo, na hakuna mtu aliyetaja malipo.

Kabla sijafunga kibanda nilipita kwa Musyoka kuagana. Amepata chumba kingine, huko Silanga anakouzia makaa, karibu na mabustani ya mboga. Picha iko ukutani peke yake, ndani ya fremu: katikati mtoto na joho lake, pembeni Kanini na mtungi, anapita. Jirani aliyekuwa ameketi humo alikuwa mgeni mtaani. Aliitazama akamwuliza Musyoka kama huyo ndiye mwanawe.

“Hapana,” Musyoka akasema, akinimiminia chai. “Huyo mtoto simjui. Amesimama tu na mke wangu.”